Fotei za Mninga

Mume wangu alipopandishwa cheo, miaka michache baada ya uhuru, tulipewa nyumba ya serikali Rohero, mtaa wa wakubwa. Mbelgiji aliyeihama aliiacha tupu, hata ndoano za pazia alizing'oa. Nilimwambia mume wangu twende Buyenzi, mtaa wa watu wa kawaida nilikokulia, kwa baba yangu, fundi seremala, atutengenezee fotei nne, vile viti vya sebuleni vyenye mikono, kwa mninga na ngozi ya ng'ombe. Akacheka. Wenzake wote walinunua mjini.

Basi tukaenda mjini. Mwenye duka alimwita mume wangu shefu, mimi hakuniona.

"Mbao kamili, ngozi kamili, shefu. Zimetoka Ulaya."

Niliinua fotei moja kwa mkono mmoja. Mimi nimekulia kwenye maranda ya baba; fotei ya mninga haiinuliwi hivyo. Nikapiga magoti, nikaipindua. Chini, pale ambapo rangi haikufika, niliona mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, na hiyo ngozi ilikuwa plastiki yenye kitambaa nyuma yake.

"Shefu, bibi yako iko anatafuta kunguni?" mwenye duka akauliza. Wateja wakacheka.

"Baba watoto, hii si mbao ya kweli," nikasema. "Kuja uangalie mwenyewe."

Hakuja. Aliniamuru kwa Kifaransa nisimame, ili wote wasikie kwamba anakijua. Kisha akaniinamia: "Unanitia haya. Mi siwezi kuweka vitu vya Buyenzi ndani ya nyumba ya serikali."

Vitu vya Buyenzi! Na mimi alinitoa wapi? Akazinunua zote nne. Wiki nzima nilimwekea chakula mezani, nikaenda kula jikoni.

Mvua zilipoanza, kingo za fotei zikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuja hospitali, akakaa kwetu. Mchana mmoja alishika mkono wa fotei ili ainuke, mkono ukang'oka, naye akaanguka kifudifudi kwenye sementi. Mdomo ukapasuka. Mume wangu akatoka chumbani mbio, akaokota kile kipande, akauliza, "Nani alikuwa anaikalia vibaya?"

Sikuwahi kupandwa na hasira ya namna ile.

"Mama yako anatoka damu, we unauliza kiti?"

Nilimfuta mama mkwe damu, nikamlaza. Kisha nikaziburuta fotei zote nne hadi nje, kwenye majani, zikielekea barabarani, mvua ikinyesha.

"Watu wataona!" mume wangu akapiga kelele mlangoni.

"Wacha waone."

Kesho yake nilikwenda Buyenzi. Nilimwambia baba nataka fotei nne. Aliniona uso, akachukua kofia yake, akanipeleka kwa muuza mbao. Tulipindua mbao moja baada ya nyingine, nyingi zina mafundo, nyingine bado mbichi, mpaka tukapata za kutosha. Ngozi niliichagua mwenyewe, nzito, inanuka mafuta, ina mkwaruzo mrefu pale ng'ombe alipochomwa na mwiba. Baba alitaka kuukata. Nikakataa.

Fotei zilipofika, zilibebwa na wanaume wawili kila moja. Jumapili wenzake mume wangu wakaja. Mmoja akapapasa ubao, akauliza zimenunuliwa duka gani. Mume wangu akakunja nne.

"Nilimwagiza fundi mmoja," akasema. "Mbao nilizichagua mi mwenyewe."

Fundi mmoja! Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

"Huyo fundi ni baba yangu," nikawaambia wageni. "Na huyu bwana hajui kutofautisha mninga na karatasi."

Hakuna aliyecheka. Walimaliza chai upesi, wakaaga. Mume wangu hakunisemesha mpaka Ijumaa, na aliponisemesha alitaka shati lake. Nilimwonyesha pasi ilipo. Kuhusu baba yangu hakuniomba msamaha siku ile, wala siku nyingine yoyote.