Punda wa Mtu Asiyenipenda

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, mimi husoma mistari michache ya Biblia jikoni chai ikichemka. Siku moja nilifika pale kitabu cha Kutoka kinaposema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka na mzigo wake, usimpite, msaidie kumwinua. Niliona hayo hayanihusu. Huku kwetu Nyeri sina adui mwenye punda.

Nina jirani mwenye pikipiki. Hatujasalimiana tangu ang'oe ua wa mpaka na kuupanda upya ndani ya shamba langu. Nilipotoka kupeleka maziwa nilimkuta kwenye mteremko, pikipiki imelala matopeni chini ya mzigo wa majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Nilisimama pale nikiwa na hasira, na nyingi ilikuwa ya kuukasirikia ule mstari. Nikaweka mtungi chini, tukaiinua pamoja. Akaiwasha akaenda zake bila hata asante.

Kesho yake niliusoma tena mstari ule, polepole, nikitafuta mahali mwenye punda anaposhukuru. Hakuna. Punda akishainuka, sura inaendelea na mambo mengine.