Doray apanda ndege kila mwezi, hajawahi kuruka

Saa tatu asubuhi, na Teodora Macaspac, ambaye wote humwita Doray, amekaa juu ya ndege. Si ndani, juu. Ametandika gunia mgongoni mwa ndege, kofia ya majani kichwani, na mkononi ameshika mwanzi mkavu mrefu kuliko nyumba yake. Ndege yenyewe imelala juu ya trela, mabawa yamefungwa kwenye lori la nyuma, na msafara unatoka bandari ya Subic, Ufilipino, kwa mwendo wa nyati aliyeshiba.

"Punguza! Waya!" anapaza sauti.

Trela inapunguza mwendo. Doray anaunyanyua waya wa umeme kwa mwanzi, ndege inapenya, kisha anaushusha taratibu kama anayemlaza mtoto.

"Dada Doray, tiketi ya huko juu bei gani?" anauliza muuza samaki kando ya barabara.

"Bure, ila chakula hatugawi!"

Ndege kuukuu zinazonunuliwa ng'ambo na shule za urubani za mkoa wa Pampanga huja kwa meli, zimefunguliwa vipande. Haziruki mpaka ziungwe upya, na kabla ya hapo lazima mtu azifikishe. Mtu huyo ni Doray, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, pamoja na mumewe Isko, anayeendesha trela. Kwa safari moja Doray hulipwa peso elfu moja na mia mbili.

"Na jua naongezewa bure," anasema.

Zamani aliuza karanga za kuchemsha kwenye lango la bandari. Siku moja helikopta iliyokuwa ikitolewa kwa lori ilinasa kwenye waya uliofungwa juu ya kibanda chake. Wanaume walisimama wakibishana. Doray aliona kibanda kinaanza kwenda na helikopta, akachomoa mti wa kuanikia nguo, akaunyanyua waya.

"Sikuwa naokoa helikopta," anasema. "Nilikuwa naokoa karanga."

Wakala wa forodha, Bwana Quiambao, alimwajiri papo hapo.

Safari ambayo mpaka leo watu wanamcheka nayo ni ya Mei mwaka jana. Walikuwa wamebeba ndege ya abiria kumi na tisa kutoka Australia, mkia wake mrefu kuliko wote aliowahi kupitisha. Quiambao alikuwa amewaonya: "Mkia ukikwaruzika, kazi hii nampa mtu mwingine." Doray alikuwa amekagua njia wiki moja kabla na kuiona nyeupe.

Walipofika mtaa wa Sapang Munti, wakakuta tao.

Lilikuwa tao jipya la sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, limevuka barabara nzima, na katikati yake umechorwa uso wa Anselmo Manalastas, kapteni wa mtaa, yaani mwenyekiti wake, aliyekuwa akigombea tena. Mkia ulikuwa unaelekea kidevuni mwake. Nyuma yao maandamano ya mtakatifu yalikuwa yameshafika, na padri na ngoma zake. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

Isko alipunguza upepo kwenye matairi yote. Mkia bado ukazidi tao kwa upana wa kiganja.

"Kapteni," Doray akaita kutoka juu, "turuhusu tukate kidevu cha pili tu. Cha kwanza tunakuachia."

"Hakikatwi!" Kapteni akafoka. "Wapiga kura wananijua kwa hicho!"

"Kata, dada yangu," mkewe, Mama Luring, akadakia. "Hata daktari alishasema kipungue."

Umati ukaangua kicheko. Doray anakiri kwamba yeye hakucheka. Alikuwa akiiona kazi yake ikining'inia kwenye kidevu cha mtu. Ndipo alipotazama trela, akatazama wale watu wote waliosimama bure na sahani zao za nguruwe wa kuchoma.

"Mliokula, pandeni ndani ya ndege!" akapaza sauti. "Na ambao hamjala, kaleni kwanza!"

Wakapanda wapiga ngoma, wapishi, kina bibi wa kwaya na tambi zao. Trela ikanyong'onyea, ikashuka. Pakabaki unene wa kidole.

Macho yote yakamgeukia Kapteni, ambaye mtaa mzima hauna mtu mzito kama yeye.

"Msinitazame hivyo! Mimi ni kiongozi, si gunia la mchele!"

"Anselmo," akasema Mama Luring, "tangu lini ndege ikaondoka bila kapteni?"

Maneno hayo yakamwingia. Kapteni akapanda, akapita katikati ya kwaya, akaketi kiti cha rubani. Trela ikalia, ikashuka. Isko akaisogeza pole pole, Doray akiwa amelala kifudifudi, shavu limegusa mkia, akihesabu pumzi. Mkia ukapita bila mkwaruzo. Tao ndilo lililopoteza rangi kidogo, chini ya mdomo.

Kazi ikawa kumshusha Kapteni. Alikataa mpaka apigwe picha akiwa na vidole kwenye usukani. Padri, aliyekuwa ameshachoka kusubiri, akainyunyizia ndege maji ya baraka, Kapteni akiwa bado ndani. Kura alishinda, na siku hizi anadai kwamba wazo lilikuwa lake.

"Mwache," anasema Doray. "Uzito ulikuwa wake kweli."

Sasa ana ndoto nyingine. Amesikia kwamba chuo kikuu kimoja kinaagiza kutoka Japani setilaiti ndogo, na amemwomba Quiambao ampe safari hiyo. Wakala alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia chombo chenyewe hakizidi chungu cha wali na kitafika kwa bajaji.

"Basi nitakipakata," anasema Doray, akivuta kofia chini, maana waya mwingine unakuja. "Kikishapelekwa huko juu, nitawatoa majirani nje niwaonyeshe: mnakiona kile? Kiliwahi kukaa mapajani mwangu."