Kanga ya Mastura Ilivyofika Japani

Bi Nasriya binti Marhoon ana watoto sitini na wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamsha kwa kilio. Wote wamo kabatini, nyuma ya vioo, sebuleni kwake Hamriya, mjini Maskati: wanasesere wa Kijapani, wa udongo, wa hariri, na wale wa mti wasio na mikono wala miguu, vichwa mviringo, ambao ndio awapendao kuliko wote. Miaka thelathini alifanya kazi maabara ya hospitali, macho kwenye darubini, akitazama damu za watu. Alipostaafu, wenziwe walinunua dhahabu. Yeye akakata tikiti ya Japani, akarudi na mwanasesere mmoja, halafu akaenda tena. Watu wakasema amepungukiwa. "Basi niacheni nipungukiwe," akawajibu, na safari zikaendelea.

Lakini penye raha hapakosi karaha, na karaha yake ilikuwa dada yake.

Mastura ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Unguja, Nasriya ana miaka sita tu. Walipohamia Maskati, Nasriya alikuwa wa miaka tisa na Mastura ishirini na moja. Siku ile ya kufika, katika zogo la watu na mizigo, Mastura alimwambia, "Shika pindo la kanga yangu, usiliachie hata ukiona nini." Akalishika kutwa nzima. Chochote Nasriya alichokipata baadaye, skuli, kazi, mume aliyeishi naye kwa wema mpaka Mungu alipomchukua, kilianzia pale kwenye pindo, na yeye mwenyewe husema hivyo mbele za watu bila kuona haya.

Sasa huyo Mastura, miaka mitatu nyuma, aliingia sebuleni siku ya kwanza kabati lilipowekwa. Macho yote yale yakamtazama kwa pamoja. "Astaghafirullahi! Nasriya, mimi nitasali wapi humu? Nyumba yenye masanamu malaika haingii. Na asipoingia malaika, mimi n'na kazi gani?" Akavaa buibui lake, akaondoka, chai haijapoa.

Hawakugombana, la. Kila asubuhi walipigiana simu. Kila Ijumaa Mastura alimtuma mwanawe Alaa, mtu mzima mwenye mvi zake, alete chakula katika bakuli la buluu, na Nasriya alilirudisha na kitu ndani, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bakuli likaja, bakuli likarudi, ila mwenye bakuli haji. Nasriya hakuwa radhi kuwatupa wanasesere wake, wala hakuwa na raha akikitazama kile kiti cha pembeni alichozoea kukaa dada yake. Mastura ana miaka sabini na mitano sasa, na Nasriya alikuwa akiogopa jambo ambalo hakutaka hata kulitamka.

Mwaka huu, wiki ya Nasriya kuondoka kwenda Japani, ndani ya bakuli mlikuwa na doti ya kanga, jina lake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. "Utakuwa mgeni wa watu huko," Mastura akasema kwenye simu. "Jitande vizuri, milimani baridi. Na usiniletee sanamu."

Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa juu kabisa milimani, penye chemchemi za maji ya moto, vyumba vinane tu, mojawapo ya zile nyumba za kizamani ambazo Wajapani huziita riokani. Mwenyewe alikuwa bibi wa miaka themanini, Hisako. Unavua viatu mlangoni, unakaa kwenye mkeka, unatandikiwa godoro chini. "Kama kwa bibi yangu Ng'ambo, kule Unguja," Nasriya akawaza, "ila hapa hakuna mbu." Usiku wa kwanza alivaa joho la pamba alilowekewa, akalikunja upande wa kulia juu. Hisako alipomwona akaja mbio na miaka yake themanini, akamfungua mkanda, akaligeuza upande wa kushoto uje juu, kisha akamwonyesha kwa ishara: vile ulivyovaa ndivyo tunavyomvika maiti! Nasriya akacheka mpaka akakaa chini. "Bado, bibi, bado! Safari hii n'na tikiti ya kurudi."

Na wema aliofanyiwa, jamani! Samaki wake alipikiwa katika sufuria ya peke yake, hakuna mvinyo wala nyama ya nguruwe iliyokaribia jiko. Hamamu dogo lilifungwa, likaandikwa jina lake, ili aoge bila kuonekana na mtu. Nasriya alimwombea dua yule bibi kila baada ya sala, naye Hisako hata hajui kama anaombewa.

Basi Nasriya akaona atoe shukurani. Akampelekea halua ya Maskati katika kibakuli chake. Asubuhi kibakuli kikarudi na matunda makavu, kimefungwa katika kitambaa kizuri. Ala! Kitambaa hicho cha mwenyewe, kitarudi kitupu? Akafunga tende. Tende zikajibiwa kwa vijibiskuti ndani ya kisanduku cha mti. Kisanduku akakijaza ubani. Kumbe Wajapani nao ukiwapa kitu hawalali mpaka wakurudishie, na hapo walikutana mafundi wawili! Siku ya tatu kisanduku kingine kilikuwa mezani kwa Nasriya kikimtazama, na sandukuni mwake hamna halua, hamna tende, hamna ubani. Mlikuwa na kanga moja ya ile doti. Ya pili alikuwa amejitanda mwenyewe.

Alijua anakosa. Doti uliyopewa na dada yako huigawi, tena kwa mtu ambaye jana hukumjua. Lakini kurudisha kisanduku kitupu hakuweza. Akaikunja, akaitia.

Jioni Hisako akaja na chai, akauliza kwa simu yenye kutafsiri: nguo hii nzuri kakupa nani? Nasriya akamwambia yote, dada, kabati, macho, kiti kitupu. Hisako hakucheka. Akaenda ndani, akarudi na wanasesere wa karatasi aliowatengeneza mwenyewe, hawana nyuso, wamekusudiwa kutazamwa kwa nyuma, nywele na nguo. "Mbona hawana macho?" Nasriya akauliza. "Mama yangu alinifundisha hivi," Hisako akasema. "Sikumuuliza."

Siku ya kuondoka kisanduku kikarudi. Nasriya alikifungua ndani ya treni. Kanga ilikuwamo, imekatwa pembeni na kukungwa upya kwa mkono, na juu yake mwanasesere wa karatasi, urefu wa shubiri, kajitanda kile kipande, kampa mtu mgongo. Hisako hajui neno la Kiswahili, alikata pale ua lilipompendeza, na chini ya ule mtando yamebaki maneno mawili: MGENI NJOO. Nasriya aliutazama ule mgongo akaujua. Ni Mastura wa miaka ishirini na moja, siku ile ya kufika Maskati. Akalia mbele ya abiria wote.

Ijumaa ya kwanza nyumbani, bakuli la buluu likaja na mkate wa kumimina. Nasriya alilisafisha, akalitazama muda mrefu. Kumpelekea sanamu mtu aliyekimbia masanamu, tena limevikwa kanga yake mwenyewe iliyopitishwa mkasi, hiyo ni akili ya mtu mzima? Akamtia mwanasesere ndani, akafunika. "Alaa mwanangu, mpe mkononi."

Jumamosi simu haikulia. Jumapili haikulia. Akapiga yeye, haikupokewa. Akasema moyoni, nimemkosa dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu alasiri mlango ukabishwa. Mastura huyo, kamshika Alaa bega, bakuli kwapani.

"Umeikata kanga yangu."

"Nimekosa, dada. Nisamehe."

"Siku tatu namgeuza huyu mwanasesere wako, namgeuza tena. Hana hata jicho moja." Akahema. "Halafu kanga yasema njoo. Nayo nimeinunua mwenyewe! Niyakatae vipi maneno niliyoyatoa dukani kwa mkono wangu? Nimeitwa, nimekuja. Nipishe, miguu yaniuma."

Akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Magharibi ilipoadhiniwa, Nasriya akakimbia kuitundika ile kanga iliyobaki mbele ya kabati, ikafunika vioo vyote. Wakasali pamoja, Mastura kwenye kiti, mdogo wake kwenye msala. Mastura alivuta tasbihi yake mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kuelekea kabatini.

"Haya, waondolee hilo pazia. Watakosa pumzi watoto wa watu."

Nasriya akaifunua kanga huku anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na machozi yanamtoka. Akaenda jikoni kuchemsha maziwa ya chai, akalichukua na lile bakuli la buluu alijaze.