Rubani Aliyeogopa Kipaza Sauti

Babu yangu mzaa mama alirusha ndege ya kivita wakati wa vita vya Kagera. Vita vilipoisha akaendesha ndege za abiria mpaka alipostaafu na kuja kukaa nasi hapa Karatu. Mimi hata kuitikia jina langu darasani sauti hukwama. Kwa hiyo mwalimu aliposema nitasoma risala ya mahafali yetu ya kidato cha nne, mbele ya mgeni rasmi na wazazi wote, nilimwomba amtafute mwingine.

"Ni wewe umeiandika," alisema. "Aliyepika ndiye apakue."

Asubuhi ya mahafali, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukafuta migomba na barabara. Babu alikuwa kibarazani na chai yake, amejifunika shuka.

"Babu, mwambie mama naumwa. Nisiende."

"Unaumwa nini, mchumba?"

"Watu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaunyooshea ukungu kikombe chake.

"Vitani nilikuwa peke yangu kule juu," alisema. "Jua kali, na chini mawingu yameifunika nchi nzima. Niliogopa, lakini hakuna aliyenitazama nikiogopa. Nilipohamia kwa abiria, kapteni akanipa kipaza sauti, akasema, wakaribishe. Nikabonyeza. Ndege nzima ikasikia ninavyohema. Mama mmoja akapiga yowe, 'Jamani, rubani analia!'"

"Ulikuwa unalia?"

"Kidogo."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikawatajia nilichokiona dirishani. Mlima uko kushoto. Mawingu meupe. Kuwakaribisha nikakumbuka baadaye."

Sikuomba tena ruhusa. Tulitembea pamoja hadi shuleni, bodaboda zikilia bila kuonekana, ng'ombe wakitokea na kuyeyuka. Niliona kama tuko juu, na Karatu imelala mahali fulani chini ya viatu vyetu.

Siku hiyo ukungu uligoma kuondoka, ukaingia hadi ndani ya turubai. Nikaitwa. Nilimtafuta babu kwa macho: amesinzia kati ya wazazi, mdomo wazi. "Mheshimiwa mgeni rasmi" ikakataa kutoka. Spika zikatoa pumzi zangu tu, kubwa, kama za ng'ombe. Kidato cha pili wakaanza kucheka.

"Ukungu umefika meza kuu," nikasema. Sijui ilitokaje. "Mgeni rasmi, nakuona nusu."

Turubai zima likacheka, mgeni rasmi naye akajishika kifuani kuhakikisha kama yupo. Nikafungua karatasi. Maneno niliyaona.

"Sisi wahitimu..."

"Sauti!" akaita mtu kutoka nyuma, kwenye weupe. "Binti, huku hatusikii!"

Nikakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, nikaanza upya.