Jiko la Katongo

Katongo, fundi wa paa za nyasi, alikuwa na sharti moja: kitu ambacho hajakijaribu juu ya paa la jiko lake mwenyewe hakukipandisha juu ya vichwa vya watu wengine.

Ndiyo maana jiko lake la uani lilikuwa kituko. Upande wa mlango, mgongo wa paa ulifungwa kwa nyasi mbichi zilizokunjwa, maana kavu huvunjika. Katikati palikuwa na mkeka wa matete. Mwishoni alilaza bati la pipa, na hilo lilimfundisha kwamba bati hutoka jasho alfajiri na kuozesha nyasi chini yake.

Mkewe Cathy alimcheka. "Baba Plamedie, hii iko jiko ao iko soko?"

Mwezi wa nane aliitwa na Mama Hortense, mwenye mgahawa Makomeno, mteja wake wa miaka kumi na moja. Alikuwa na payote tatu, vile vibanda vya nyasi vya kukalisha wageni, na arusi ya binti yake ilikuwa karibu. Alitaka migongo ya simenti iliyopakwa juu ya waya.

Katongo alisahau hata kuketi. Simenti juu ya nyasi! Nyasi hushuka kila mwaka, simenti haishuki. Sasa itakuwaje?

"Mama, unipe mpaka mvua. Nijaribu kwangu kwanza."

"Katongo, weye iko fundi ao mwanafunzi?"

"Yote mbili, Mama."

"Basi mwanafunzi abakie ku masomo. Nitaita Guelor."

Guelor, mwashi kijana, alimaliza kazi kabla ya siku ya posho, yaani Jumamosi ya arusi, na arusi ikafana.

Katongo naye alipaka simenti jikoni kwake. Mvua za Novemba zilipoanza, ikapasuka, na maji yakaingia ndani ya unga wa Cathy. Katongo alikwenda mbio Makomeno kumwonya Mama Hortense. Aliinua macho ndani ya payote: pakavu kabisa. Akamtafuta Guelor.

"Uliipaka moja kwa moja ku nyasi, baba? Ah, aksanti Mungu haikukuangukia! Mi natanguliza bashi, turubai ya plastiki, chini ya waya. Nyasi ishuke peke yake, simenti ikae."

Katongo aliomba aonyeshwe, akapanda juu ya jiko lake siku ileile kuijaribu bashi.

Wengine humwita mjinga. Lakini angekubali mwezi wa nane, ufa ule ungefunguka juu ya wageni wa Mama Hortense. Sharti lilimgharimu payote tatu, na Mama Hortense hakumwita tena.