Pumzi Kumi Kabla ya Mkaguzi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ng'ombe alinigomea. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi hapa Boito, msichana wa miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimeambiwa kwamba Ijumaa mkaguzi wa shule angekuja kuniangalia nikifundisha. Akiridhika, ningethibitishwa kazini. Asiporidhika, ningerudi kuchuma majani chai ya baba pamoja na dada zangu. Si kwamba kuchuma ni aibu, la. Ni vile nilikuwa nimependa ubao na chaki kupita kiasi.

Watu husema wasiwasi ndio akili. Kama ni kweli, basi wiki ile nilikuwa na akili kuwashinda wote wa wilaya yetu ya Konoin. Chakula hakikupita, maandalio ya somo niliyaandika upya mara nne. Nikifumba macho namwona mkaguzi amekunja uso, na wala sikuwa nimewahi kumwona.

Jumatano asubuhi nikachukua ndoo kumkamua Chelel, ng'ombe wetu mweupe, mpole ajabu. Nikavuta, nikavuta, hakuna kitu. Mwishowe akaipiga ndoo teke. Nyanya yangu, ambaye kwetu Wakipsigis tunamwita kogo, alikuwa ameketi karibu akisafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

"Huyu ng'ombe ana shida gani leo?" nikamwuliza.

"Ng'ombe hana shida. Mikono yako ndiyo inapiga kelele."

"Kogo, mimi nina haraka."

"Ndio maana. Maziwa hayashuki kwa mtu anayekimbia. Weka ndoo chini. Egemeza kichwa hapo ubavuni, usikilize vile anapumua."

Nilikasirika kidogo, lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaegemea. Ubavu ulikuwa na joto, ukipanda na kushuka pole pole. Sikumaliza pumzi tatu kabla mkaguzi hajarudi kichwani. Nikamlalamikia kogo kwamba akili yangu inatoroka.

"Itatoroka tu," akasema. "Ni kama ndama. Ukimpata kwa shamba ya jirani, utampiga? Unamrudisha. Akitoka tena, unamrudisha tena."

Nikawa namrudisha ndama wangu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Ninachojua ni kwamba mabega yangu, yaliyokuwa yamepanda karibu na masikio, yalishuka yenyewe, na nilipoishika ndoo tena, maziwa yalitoka hadi povu likafurika. Kogo alicheka akafuta machozi kwa leso.

Ijumaa nikaingia darasa la nne nikiwa sawa, mpaka niliposikia pikipiki ya mkaguzi langoni. Hofu ikarudi. Nikawatazama watoto, na wao wamekauka kama kuni, kwa sababu hofu ya mwalimu huambukiza kama homa. Nikawaambia waweke kalamu chini, wafumbe macho, tupumue mara kumi, kila mtu asikilize pumzi yake. Nami nikafumba.

Nilipofumbua, mkaguzi alikuwa mlangoni, kofia mkononi, ameinamisha kichwa.

"Amina," akasema.

Watoto wakaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia. Nikamweleza ukweli kwamba hatukuwa tukiomba, tulikuwa tunatulia. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama naye angeweza kujaribu. Akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakimfika kifuani, tukaanza upya kwa ajili yake. Halafu nikafundisha sayansi, sehemu za ua, bila kuitazama karatasi hata mara moja.

Mwisho wa somo akaniambia, "Mwalimu, kila shule ninayoingia watu wananiogopa. Leo nimepumzika nikiwa kazini." Akatia sahihi ya kunithibitisha kazini. Nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, na kogo aliniuliza neno moja tu: kama nimekula. Nikala sahani mbili.

Mjukuu wangu anayesoma chuoni Kabianga ananiambia siku hizi jambo hili lina jina, meditesheni, na watu wanajifunza kwa simu. Sawa. Jina halinisumbui. Mimi ni mtu wa kanisa, na jambo lenyewe halikuwahi kuchukua nafasi ya maombi yangu. Lilinisaidia tu niwepo ninapoomba.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Kabla simu haijakuamsha na habari za dunia nzima, kaa chini. Acha mgongo unyooke na mikono ilegee. Fuata pumzi ikiingia, ifuate ikitoka. Akili ikitoroka usijikemee, irudishe kwa upole, hata mara mia. Dakika tano zatosha, lakini ziwe za kila siku, maana chururu si ndo ndo ndo. Mtihani utabaki pale pale, na mkaguzi atakuja tu. Wewe ndiwe utakayempokea ukiwa mtu mwingine. Na wasiwasi ukikunyima usingizi wiki baada ya wiki, usiufiche. Mwambie mtu, mwone daktari. Mzigo mzito mpe mwenzio.

Mungu akupe kifua chepesi na usingizi mtamu. Akupe kazi unayoipenda na watu wa kucheka nao. Na popote utakapoingia ukiwa mkubwa, wadogo wasitetemeke, wakusogezee kiti.