Mpira wa Pita

Juzi, nikisubiri chakula mgahawani Singida mjini, niliona kwenye televisheni wanaume wa Australia wakigombea mpira wenye umbo la yai. Walirukia mabega ya wenzao ili waudake, na watazamaji walikuwa wakipiga kelele uwanja mzima.

Nilimkumbuka Pita, fundi wa huko huko Australia, aliyekuja kijijini kwetu Ihanja nilipokuwa mtoto kutuchimbia kisima. Alasiri moja mama alikuwa shambani, kaka zangu walikuwa shule ya bweni, nami nilibaki nyumbani peke yangu. Upepo ulileta harufu ya mashudu ya alizeti kutoka mashine ya kukamulia mafuta. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha kishindo tena. Nilifuata sauti hadi uwanja wa shule. Pita alikuwa akiupiga mpira wake juu, akiukimbilia na kuudaka mwenyewe.

"Shikamoo," nilisema. "Mpira wako umebonyea?"

"Marahaba. Haujabonyea, ndivyo ulivyo. Huu ndio mchezo mzuri kuliko yote."

"Unachezwa na mtu mmoja?"

"Hapa, ndiyo," alisema, akanirushia.

Niliukosa, ukadunda kwenda upande nisioutegemea. Tuliukimbiza pamoja mpaka mama akaniita. Usiku ule niliihurumia nchi yao, nikiamini kwamba kule kila mtu hucheza peke yake.

Mhudumu aliweka sahani yangu mezani, akatazama televisheni, akaniuliza, "Mama, huu ni mchezo gani?"

"Jina silijui," nilimjibu. "Ila ni mchezo wa watu wengi."